Makosa ya watangazaji kuhusu kanuni za softiboli

Makosa ya watangazaji kuhusu kanuni za softiboli ni maelezo yasiyo sahihi yanayotolewa na watangazaji na wachambuzi wa michezo wanapotangaza au kuripoti mechi za softiboli. Mengi yana asili moja: mtangazaji aliyezoea besiboli huchukua kanuni za mchezo huo na kuzitumia kwenye softiboli, akiamini kwamba michezo hii miwili inatofautiana kwa ukubwa wa mpira na uwanja tu. Mengine hutokana na wingi wa vitabu vya kanuni, na machache ni imani za zamani ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu anayeutazama mchezo huu mara moja tu kila Olimpiki hana mwalimu mwingine isipokuwa sauti ya mtangazaji. Kosa likishasemwa hewani hunakiliwa na magazeti, kisha na vitabu, na baada ya miaka michache ni vigumu kuling'oa. Mfano unaojulikana zaidi ni tukio la Aprili 2008 huko Ellensburg, Marekani, linaloelezwa hapa chini. Habari yake ilizunguka dunia ikiwa na kanuni ambayo kumbe haikuwa kanuni.

Mchezo kwa ufupi

Softiboli huchezwa na timu mbili, na timu inayolinda huwa na wachezaji 9 uwanjani. Mrushaji hurusha mpira kwa mkono unaopita chini, karibu na nyonga, kuelekea kwa mpigaji. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupitia besi tatu hadi kurudi besi ya nyumbani. Akifika salama, timu yake hupata alama moja. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye ni mwenzake mrushaji.

Straiki ni mrusho ambao mpigaji ameukosa, au ameuacha ingawa ulipita mahali panapopigika. Boli ni mrusho uliopita nje ya mahali hapo na haukujaribiwa. Straiki 3 kwa kawaida humtoa mpigaji, na boli 4 humpa besi ya kwanza bure. Timu inayopiga ikitolewa wachezaji 3, yaani auti 3, huenda kulinda. Timu zote mbili zikishapiga, awamu moja imekamilika. Mechi ya kawaida ina awamu 7. Besiboli ya watu wazima ina awamu 9.

Vipimo navyo ni tofauti. Besi za softiboli zimeachana kwa mita 18.29, za besiboli kwa mita 27.43. Mrushaji wa kike katika mashindano ya kimataifa husimama mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani. Wa besiboli husimama mita 18.44. Mpira una mzingo wa inchi 12, yaani sentimita 30.5 hivi, na rangi ya njano kali. Jina la mchezo, ambalo maana yake ni "mpira laini", linapotosha, kwa kuwa mpira wa leo si laini hata kidogo. Linapotosha pia kuhusu kasi. Mtangazaji hutaja mrusho wa kilomita 110 kwa saa kana kwamba ni wa polepole, kwa sababu warushaji wa besiboli hufika 150 na zaidi. Lakini kwa hesabu ya umbali peke yake, mpigaji wa softiboli anayekabili mrusho huo ana muda sawa na mpigaji wa besiboli anayerushiwa mpira wa kilomita 155 kwa saa.

Makala hii inahusu softiboli ya mrusho wa kasi, ambayo ndiyo huchezwa kwenye Olimpiki. Softiboli ya mrusho wa polepole ina kanuni zake, na baadhi ya yanayoelezwa hapa hayaihusu.

Chanzo cha makosa

Softiboli ilizaliwa ndani ya jengo. Siku ya Shukrani ya mwaka 1887, katika klabu ya Farragut Boat Club mjini Chicago, George Hancock aliwapanga vijana wacheze aina ya besiboli kwa kutumia glavu ya ndondi iliyofungwa kamba kama mpira, na mpini wa ufagio kama gongo. Mchezo ulitoka nje, ukasambaa kwa majina mengi na kanuni nyingi. Jina la softiboli lilipendekezwa na Walter Hakanson mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 kanuni zikaanza kuunganishwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba besiboli ni mzazi. Ila mtoto ameishi maisha yake kwa zaidi ya karne moja, na mambo kadhaa aliyoyaanza yeye yamechukuliwa na mzazi baadaye.

Sababu ya pili ni kwamba hakuna kitabu kimoja cha kanuni. Mechi za kimataifa hufuata kanuni za Shirikisho la Dunia la Besiboli na Softiboli (WBSC). Marekani, ambako mechi nyingi zaidi hurushwa kwenye runinga, vyuo vikuu hufuata kanuni za NCAA, shule za sekondari zina kitabu chao, na shirikisho la taifa, USA Softball, lina chake. Mtangazaji aliyefanya kazi msimu mzima kwenye mechi za vyuo huja Olimpiki na kanuni za vyuo kichwani.

Mfano mwepesi ni kanuni ya kusimamisha mechi iliyoelemea upande mmoja. Kimataifa mechi huisha timu moja ikiongoza kwa alama 7 au zaidi baada ya awamu 5. Kwenye vyuo vya Marekani tofauti inayotakiwa ni alama 8, na katika sekondari nyingi ni 10. Mechi ya kwanza ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa Fukushima tarehe 21 Julai 2021, iliisha awamu ya 5 Japani ikiwa mbele ya Australia kwa 8–1. Besiboli ya kulipwa ya Marekani haina kanuni ya namna hii, na ndiyo maana mtangazaji wa besiboli huweza kushangaa akiona wachezaji wanapeana mikono mapema.

Sababu ya tatu ni neno. Watangazaji hutumia msamiati wa besiboli kwa kitu kinachofanana, na msamiati huja na kanuni zake. Mrushaji wa softiboli akikosea namna ya kurusha, kosa huitwa mrusho haramu. Watangazaji wengi huliita kwa jina la kosa la besiboli ambalo hasa ni la kumhadaa mkimbiaji aliyesogea mbali na besi. Katika softiboli mkimbiaji haruhusiwi kusogea hivyo tangu mwanzo.

Mkimbiaji na besi

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo penye makosa mengi. Katika besiboli mkimbiaji aliye kwenye besi anaweza kujisogeza hatua kadhaa mbele huku mrushaji akimtazama, na mrushaji anaweza kugeuka na kurusha kwenye besi ili amtoe. Katika softiboli ya mrusho wa kasi mkimbiaji lazima aguse besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Akiondoka mapema, hata kwa nusu hatua, mwamuzi husimamisha mchezo, mrusho huo hauhesabiwi, na mkimbiaji ametolewa. Mdakaji hahitaji kurusha mpira popote wala mlinzi hahitaji kumgusa mtu. Mtangazaji anayesema kwamba mkimbiaji "amekamatwa akiiba besi" ameeleza kitu ambacho hakikutokea.

Kuiba besi kwenyewe kunaruhusiwa. Kinachodhibitiwa ni wakati wa kuondoka, na kwa kuwa besi ziko karibu, sehemu ya kumi ya sekunde inaweza kuamua.

Kanuni nyingine ambayo besiboli haina kabisa inahusu duara la mrushaji. Kuna duara lenye nusu kipenyo cha mita 2.44 lililochorwa kuzunguka mahali anaposimama. Mrushaji akiwa na mpira ndani ya duara hilo, na mpigaji akiwa amekwisha kufika besi ya kwanza au ametolewa, kila mkimbiaji aliye katikati ya besi mbili lazima aamue mara moja: aende mbele au arudi. Akisitasita, au akianza kurudi kisha akageuka tena, ametolewa. Aliyekwisha kusimama kwenye besi yake haruhusiwi kuiacha mpaka mrusho unaofuata. Iwapo mrushaji atajaribu kumtoa mtu, kwa mfano akiinua mkono kama anayetaka kurusha mpira kwenye besi, masharti hayo hulegea na wakimbiaji wako huru tena.

Watangazaji hulifupisha hili kwa kusema kwamba mpira ukifika kwenye duara mchezo umesimama. Haujasimama. Mpira ungali mchezoni, na mkimbiaji anayeendelea bila kusita ana haki ya kuendelea. Timu zenye wakimbiaji hodari huutumia mwanya huu kwa makusudi: mpigaji aliyepewa besi ya kwanza kwa boli 4 hupita besi hiyo bila kusimama na kukimbilia ya pili, hasa kama mwenzake yuko besi ya tatu akisubiri walinzi wakosee. Aliyesikia kwamba "mchezo umesimama" ataona wizi mahali palipo na ujuzi.

Straiki ya tatu isiyodakwa

Kanuni hii ni ya michezo yote miwili, lakini huelezwa vibaya kwa wingi. Mpigaji akipata straiki ya tatu na mdakaji asiudake mpira kabla haujagusa ardhi, mpigaji anaweza kukimbilia besi ya kwanza. Anaruhusiwa iwapo besi hiyo haina mkimbiaji, au iwapo tayari kuna auti 2 bila kujali nani yuko wapi. Walinzi watamtoa kwa kumgusa na mpira au kwa kuufikisha mpira besi ya kwanza kabla yake.

Makosa ni mawili. Kwanza, watangazaji husema mdakaji lazima "auangushe" mpira. La hasha: mrusho uliodunda chini kabla ya kuingia kwenye glavu yake haukudakwa, hata kama hakuuangusha. Pili, husahau sharti la besi ya kwanza kuwa tupu linavyobadilika auti zikifika 2. Sababu ya sharti lenyewe ni rahisi ukiijua. Bila hilo, mdakaji mjanja angeuangusha mpira kwa makusudi, wakimbiaji wakalazimika kuacha besi zao, na walinzi wakatoa wawili kwa mchezo mmoja. Auti zikiwa 2 hila hiyo haina faida, kwa sababu auti moja tu yatosha kumaliza zamu.

Tokeo moja la kanuni hii huwashangaza hata wazoefu: mrushaji anaweza kuandikiwa watu 4 aliowapatia straiki 3 ndani ya nusu awamu moja, endapo mmoja wao alifika besi ya kwanza kwa njia hii.

Mpira wa juu kwenye uwanja wa ndani

Kanuni hii nayo inalenga hila kama ile. Wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili, au besi zote tatu zikiwa na watu, na auti zikiwa pungufu ya 2, mpigaji akiupiga mpira juu ambao mlinzi wa uwanja wa ndani anaweza kuudaka bila taabu, mwamuzi hutangaza kuwa mpigaji ametolewa. Hatangoja uone kama umedakwa. Pigo la chinichini lililonyooka halihusiki, wala jaribio la kuugusa mpira kidogo kwa gongo lililoshikwa tuli.

Watangazaji hukosea kwa kusema kwamba mchezo umesimama na wakimbiaji hawawezi kusogea. Kwa kweli wanaweza, kwa hatari yao wenyewe. Hukosea pia kwa kudhani kwamba mpira lazima uanguke kwenye eneo la ndani. Kipimo ni urahisi wa kuudaka. Mahali unapoangukia si kipimo. Kosa hili lilijitokeza waziwazi kwenye besiboli, ambayo ina kanuni hiihii, katika mechi ya mtoano kati ya Atlanta Braves na St. Louis Cardinals tarehe 5 Oktoba 2012. Mwamuzi Sam Holbrook aliitangaza kanuni kwa mpira ulioanguka mbali ndani ya uwanja wa nje, mashabiki wakamwaga takataka uwanjani, na mechi ikasimama kwa dakika 19. Mtu anaweza kubishana kuhusu urahisi wa kuudaka mpira ule. Hoja ya kwamba ulianguka mbali mno, iliyorudiwa sana, haikuwa na msingi katika kitabu.

Mchezaji mteule na kurudi uwanjani

Katika besiboli mchezaji aliyetolewa kwa kubadilishwa hawezi kurudi. Katika softiboli mchezaji aliyeanza mechi anaweza kutoka na kurudi mara moja, mradi arudi kwenye nafasi yake ileile katika orodha ya kupiga. Mtangazaji anayemuaga mrushaji nyota awamu ya 4 kwa maneno "kazi yake leo imekwisha" huaibika awamu ya 6.

Kanuni ya mchezaji mteule ni ngumu zaidi, na si haki kuwalaumu watangazaji peke yao, kwani hata makocha huikosea. Timu inaweza kuandika majina 10 badala ya 9. Mmoja ni mteule, ambaye hupiga lakini si lazima alinde. Jina la kumi ni la mchezaji anayelinda bila kupiga. Hadi hapo inafanana na mpigaji mteule wa besiboli, na mtangazaji huishia hapo. Lakini mteule wa softiboli anaweza kwenda kulinda nafasi yoyote bila timu kupoteza haki yake ya kuwa na mteule. Akimlindia mchezaji wa kumi, huyo wa kumi anahesabiwa ametoka na timu inabaki na watu 9. Akimlindia mchezaji mwingine, huyo mwingine anaendelea kupiga kama kawaida. Mchezaji wa kumi naye anaweza kupiga au kukimbia, lakini katika nafasi ya mteule tu. Wawili hao wanaweza kulinda kwa wakati mmoja. Hawawezi kuwa upande wa kupiga kwa wakati mmoja.

Mkimbiaji wa besi ya pili na mechi ya 1996

Mechi ikiwa sare baada ya awamu za kawaida, softiboli ya kimataifa hutumia kanuni ya kuvunja sare. Kila timu huanza nusu awamu yake ikiwa tayari na mkimbiaji besi ya pili. Mashindano huamua kanuni ianze awamu gani. Katika Olimpiki ya 1996 ilikuwa awamu ya 10, na Tokyo ilikuwa ya 8. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilipoanza kutumia kanuni kama hiyo mwaka 2020, baadhi ya wachambuzi waliipokea kama uzushi mpya usiojulikana. Softiboli ilikuwa nayo miaka mingi.

Mechi moja ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kati ya Marekani na Australia, haieleweki kabisa bila kanuni hii. Michezo ya softiboli ilifanyika katika uwanja wa Golden Park mjini Columbus, jimbo la Georgia. Mrushaji wa Marekani, Lisa Fernandez, aliwatoa Waaustralia 29 mfululizo. Hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza. Awamu ya 10 Marekani ilipata alama moja. Kisha, auti zikiwa 2, Joanne Brown wa Australia akaupiga mpira ukavuka uzio, na Australia ikashinda 2–1. Msikilizaji makini angeuliza alama ya pili ilitoka wapi kama hapakuwa na mtu aliyewahi kufika kwenye besi. Ilitoka kwa mkimbiaji aliyewekwa besi ya pili kwa kanuni ya kuvunja sare.

Mechi hiyohiyo ina funzo la pili. Awamu ya 5 Dani Tyler wa Marekani alipiga homurani, yaani pigo linalovusha mpira juu ya uzio na kumruhusu mpigaji kuzunguka besi zote. Katika kusherehekea na wenzake hakuikanyaga besi ya nyumbani. Waaustralia walikata rufaa, mwamuzi akamtoa, na alama ikafutwa. Watu wengi hudhani mpira ukivuka uzio alama imekwisha kupatikana. Haijapatikana mpaka besi zote nne ziguswe. Mwamuzi aliyeona besi imerukwa hasemi kitu. Ni kazi ya walinzi kukata rufaa, na katika softiboli wanaweza kufanya hivyo kwa mdomo hata mchezo ukiwa umesimama. Marekani hata hivyo ilitwaa dhahabu kwa kuifunga China 3–1 katika fainali.

Fainali hiyo nayo ilileta ubishi. Dot Richardson alipiga homurani iliyopita karibu sana na nguzo ya upande wa kulia, na Wachina wakalalamika kwamba mpira ulikuwa nje. Kwenye ubishi wa namna hiyo watangazaji hupenda kuonyesha mahali mpira ulipoangukia ng'ambo ya uzio. Hilo halina maana: kinachohesabiwa ni upande upi wa nguzo mpira ulipita.

Tukio la Ellensburg

Tarehe 26 Aprili 2008 timu ya chuo cha Western Oregon ilicheza na Central Washington mjini Ellensburg, jimbo la Washington. Sara Tucholsky wa Western Oregon, ambaye hakuwahi kupiga homurani maishani mwake, aliupiga mpira ukavuka uzio wenzake wawili wakiwa kwenye besi. Akiwa na furaha aliipita besi ya kwanza bila kuigusa. Alipogeuka kurudi, goti lake lilikatika kano, akaanguka. Alitambaa hadi besi ya kwanza na hakuweza kuendelea.

Waamuzi walieleza kwamba wenzake wakimsaidia atakuwa ametolewa. Njia pekee, walisema, ni kuweka mkimbiaji wa badala besi ya kwanza, na pigo lihesabiwe kuwa la besi moja lililoingiza alama mbili. Homurani yake ya kwanza ingefutika. Ndipo Mallory Holtman wa Central Washington alipouliza kama wapinzani wanaruhusiwa kumbeba. Hakukuwa na kanuni ya kuzuia. Yeye na Liz Wallace walimbeba Tucholsky, wakamshusha kwenye kila besi ili aiguse kwa mguu mzima, mpaka nyumbani. Western Oregon ilishinda 4–2. Tukio hilo lilionyeshwa nchi nyingi na kupewa tuzo ya ESPY ya mwaka huo kama tukio bora la michezo.

Kila lilipotangazwa, watangazaji walieleza kwamba kanuni ilikuwa imemfunga Tucholsky, na utu ukaishinda kanuni. Baadaye ikabainika kwamba waamuzi walikosea. Kitabu cha NCAA kiliruhusu mchezaji wa badala kuingia pale jeraha linapomzuia mkimbiaji kufika kwenye besi alizokwisha kupewa. Mchezaji huyo angezigusa besi zilizobaki, na homurani ingehesabiwa kamili. Hakuna aliyelazimika kubebwa. Hili halipunguzi walilofanya Holtman na Wallace, ambao waliamua kwa kutegemea walichoambiwa. Lakini simulizi lingali likisimuliwa mara nyingi bila sahihisho.

Swali la kumsaidia mkimbiaji lilirudi tarehe 1 Juni 2025 katika fainali za vyuo mjini Oklahoma City. Megan Grant wa UCLA alipiga homurani ya kusawazisha awamu ya 7 dhidi ya Tennessee, akairuka besi ya nyumbani, na mwenzake akamsukuma nyuma ili aiguse. Tennessee iliomba marudio ya video. Waamuzi waliamua kwamba suala la kusaidiwa halimo katika orodha ya mambo yanayoweza kuchunguzwa kwa video, na alama ikabaki. Tofauti iliyowachanganya wengi ni hii: kusema kwamba jambo haliwezi kuchunguzwa kwa video si sawa na kusema kwamba linaruhusiwa. Tennessee ilishinda 5–4 katika awamu ya 9.

Imani zisizo kwenye kitabu

Baadhi ya misemo ya watangazaji haitokani na kanuni yoyote, ya softiboli wala ya besiboli. Husemwa kwamba mikono ni sehemu ya gongo. Si kweli: mpira ukimgonga mpigaji mkononi huku akizungusha gongo, hiyo ni straiki na mchezo husimama. Husemwa pia kwamba mkimbiaji aliyepita besi ya kwanza akageukia kushoto anaweza kutolewa hapohapo. Kugeuka peke yake si kosa. Anakuwa hatarini akionyesha nia ya kwenda besi ya pili, na hilo mwamuzi ndiye hulipima. Tena husemwa kwamba mpira uliogonga besi ya nyumbani ni wa nje, ilhali besi hiyo yote iko ndani ya uwanja halali.

Msamiati katika Kiswahili

Kenya, Uganda na Tanzania zina vyama vya besiboli na softiboli, lakini msamiati wa Kiswahili wa michezo hii haujatulia, na mtangazaji wa Kiswahili ana mitego ambayo mwenzake wa Kiingereza hana. Mitego hiyo inatoka kwenye kandanda. Neno "fauli" kwa msikilizaji wa Kiswahili ni kosa la kumchezea mtu rafu, na mwamuzi hutoa adhabu. Likitumiwa kwa mpira uliopigwa nje ya mistari miwili ya uwanja, msikilizaji atangoja adhabu isiyokuja. Ndiyo sababu makala hii inasema "mpira wa nje". "Auti" nayo katika kandanda ni mpira uliovuka mstari, wakati hapa ni mchezaji aliyetolewa. Maneno haya mawili huweza kukutana katika sentensi moja, kwa kuwa mpira wa juu ulioangukia nje ukidakwa kabla ya kugusa ardhi humtoa mpigaji. Neno "alama" lina utata mdogo zaidi kuliko "goli" au "bao". "Besi" limeshaanza kuzoeleka mahali pa "kituo", ambalo humfanya msikilizaji afikirie daladala au matatu.

Softiboli itarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mechi zake zitachezwa Oklahoma City, kwenye uwanja uleule wa fainali za vyuo, kwa kanuni za WBSC.